Mlio wa Asubuhi

Wapendwa, wengi wenu mmelipanda gari letu jeupe ninaloliendesha Jumapili asubuhi, kuanzia Jane na Finch, kupitia Weston Road hadi hapa kanisani. Basi mmeusikia ule mlio. Tik-tik-tik, na kila nikikanyaga mafuta unaongeza kasi. Watoto waliuita cherehani ya bibi. Ulianza Novemba, baridi ilipoingia. Tukifika Weston Road unakuwa umenyamaza, nami nafurahi.

Nililipeleka gereji mara mbili. Fundi wa kwanza alibadilisha mkanda wa injini. Wa pili alikaza bati la kukinga joto chini ya gari, ambalo kweli lilikuwa limelegea kwa kutu ya chumvi ya barabarani. Mlio ukabaki palepale. Mwishowe mzee wetu mmoja, aliyekuwa fundi Bukavu kabla ya kuja huku, akanicheka: "Mwanangu, unampeleka mgonjwa kwa daktari akiwa ameshapona. Liache kwangu lilale."

Asubuhi, baridi ikiwa kali, aliwasha injini, akaweka ncha moja ya mpira wa maji sikioni na nyingine akaipitisha polepole kando ya bomba la moshi, pale linapoungana na injini. Akasimama. Bolti moja ilikuwa imekatika, na penyewe pana masizi meusi. Chuma kikiwa baridi kinaacha upenyo, moshi unachomoka na kupiga ule mlio. Kikipata moto kinatanuka, upenyo unajifunga. Wahenga walituonya kuhusu ufa usiozibwa, lakini hawakusema neno juu ya ufa unaojiziba wenyewe kila siku.

Moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikivuja chini ya boneti inaweza kuvutwa ndani pamoja na hewa ya hita, na sisi wakati wa baridi madirisha tunayafunga yote. Desemba 2008, hapa Ontario, mjini Woodstock, familia ya Hawkins, wazazi na watoto wao wawili, walikufa kwa gesi hiyohiyo iliyowapata nyumbani kwao. Sheria ya 2013 ya ving'ora vya majumbani inabeba jina lao.

Sasa swali langu. Ndugu wananiambia, "Wewe hukujua." Ni kweli, sikujua. Lakini mlio ulipoanza, mkono wangu ulikwenda kwenye redio kuongeza sauti. Asiyejua kabisa haongezi redio. Kuna kutojua kunakotupata, na kuna kutojua tunakokulinda kama mali.

Najua jibu la upande wa pili, maana nimejipa mwenyewe mara nyingi. Mtu ana kazi mbili, gari ni zee, na magari mazee hulia. Ukifuata kila mlio hutatoka nyumbani. Nakubali. Gari langu mwenyewe linalia usukani ukikata kulia, na sijalipeleka popote. Hiyo ni bahati nasibu yangu. Nyuma yangu Jumapili wamekaa watoto wa watu, ambao hawakuulizwa kama wanataka kucheza. Tena nikijichunguza, baada ya zile gereji mbili niliacha kuuliza "ni nini?" Nilikuwa nauliza "itagharimu kiasi gani?", na kwa kuwa sanduku letu la gari lilikuwa tupu, nikaona afadhali nisijibiwe.

Mama mmoja aliniambia kabla ya Krismasi kwamba binti yake huumwa kichwa kila wakifika kanisani. Nilimjibu labda mtoto hajanywa chai. Huenda ilikuwa gesi, huenda ilikuwa njaa. Lile jibu langu ndilo linaloninyima usingizi.

Jumapili iliyopita nilimfuata mlangoni nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akamfunga mtoto skafu, kisha akauliza kama gari litakuwepo wiki ijayo. Litakuwepo. Bolti ni mpya. Jane na Finch, saa tatu na robo.