Kompyuta ya Masomo na Mchezo Usiotajwa

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakisha kutoka, nyumba nyingi za nchi yetu huingiwa na furaha, na nyuma ya furaha huja hesabu: karo, nauli, godoro, kodi ya chumba. Siku hizi juu ya hayo yote imeongezeka kompyuta mpakato. Mzazi ambaye pengine hajapata kuitumia kompyuta humwuliza mwanawe anataka ya namna gani. Kijana huleta karatasi yenye jina la mashine na bei yake. Baba huitazama bei ile kwa muda, kisha huuliza: "Yote haya ni kwa ajili ya masomo, mwanangu?" Naye kijana hujibu: "Ndiyo, baba."

Jibu hilo ndilo tunalotaka kulipima leo. Maana si mara chache karatasi ile huwa imetaja kompyuta iliyoundwa kwa ajili ya michezo, yenye kadi ya picha ya peke yake, na bei inayoipita kwa mbali ile ya mashine ya kawaida. Baba hajui tofauti hiyo. Ajualo ni kwamba ng'ombe wawili watatoka zizini. Basi twauliza: kijana huyu amekosa wapi? Je, amekosa kwa kutaka kucheza, au kwa kunyamaza?

Kuhusu kucheza twajibu bila kusita: hapana kosa. Wahenga wetu walisema "kazi na dawa", wala hawakuwa watu wavivu. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba kama vile mwili huchoka ukahitaji pumziko, ndivyo roho nayo huchoka kwa kazi ya akili, na mchezo wa kiasi huipumzisha. Tena alikumbusha kisa cha kale kinachosimuliwa juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa walipomkuta akicheza pamoja na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Hali kadhalika akili isiyolegezwa kamwe. Mwanafunzi aliyeshinda juu ya hesabu za uhandisi, akacheza nusu saa kabla ya kulala, hakumwibia mtu kitu.

Lakini kunyamaza ni jambo jingine. Fedha ya mzazi ni jasho lililotolewa kwa kusudi lililotajwa, na mwenye kutoa ana haki ya kujua atoa kwa ajili ya nini. Kijana aliyesema "masomo", huku moyoni akikusudia masomo na mchezo, amempokonya baba yake nafasi ya kujibu ndiyo, au hapana, au kiasi hiki tu. Asijitetee kwamba kompyuta ile itatumika kusomea pia. Nusu ya ukweli, ikitolewa ili mwenzako asiione nusu ya pili, ni uongo.

La kusikitisha zaidi ni kwamba uongo huo hauna hata faida. Kucheza kidogo hakudai mashine kubwa. Prosesa nyingi za miaka ya karibuni zina ndani yake uwezo wa picha unaotosha michezo mepesi, kama sataranji, Minecraft au Stardew Valley, na hata michezo ya mpira ya miaka iliyopita, mradi mchezaji aridhike na picha zisizo na urembo mwingi. Heri kutafuta ramu ya GB 16 kuliko GB 8, kwa kuwa picha hukopa sehemu ya ramu hiyohiyo; na diski ya SSD ya GB 512, kwa kuwa mchezo mmoja mkubwa waweza kupita GB 100. Ramu na diski hizo humfaa mwanafunzi katika masomo pia. Kinyume chake, kompyuta kubwa ya michezo mara nyingi hupita kilo 2. Chaja yake yaweza kuwa ya wati 150 au zaidi, ambapo ya kompyuta nyingi za kawaida ni wati 65 au pungufu. Na betri yake kwa kawaida huisha mapema. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, mwenye mashine hiyo atakuwa miongoni mwa wa kwanza kukwama.

Anunuaye iliyokwisha kutumika naye awe macho. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, isipokuwa kwa mashine chache, huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Wapo pia wanafunzi wanaohitaji kweli kadi ya picha, kama baadhi ya wanaosomea usanifu wa majengo au utengenezaji wa filamu. Hao na waonyeshe maagizo ya chuo chao, nao watakuwa wamesema kweli. Wengine wengi, lau wangetaja mchezo waziwazi, wangepata vyote viwili kwa fedha pungufu. Mficha uchi hazai.

Walakini tusimtwike kijana mzigo wote peke yake. Ni nani aliyemfundisha kuficha? Katika nyumba ambamo neno "mchezo" hujibiwa kwa ukali siku zote, mtoto hujifunza mapema kuacha kulitaja, haachi kucheza. Ameyazoea hayo kwa simu, kwa mpira wa uani, kwa karata. Sasa amefikia kompyuta, na bei ya kuficha imepanda.

Mzazi mmoja atasema: "Basi nimnunulie mashine isiyoweza kucheza kabisa, nipate kulala usingizi." Twamwelewa, maana wapo vijana waliopoteza mwaka mzima wa chuo mbele ya kioo. Lakini mashine ya namna hiyo haipo. Hata kompyuta dhaifu hucheza kitu, na simu iliyo mfukoni hucheza zaidi. Mlinzi wa saa za kijana ni kijana mwenyewe, naye hawezi kujizoeza kiasi katika jambo asiloruhusiwa kulisema.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: kabla ya kwenda dukani, kaeni mezani na mwana wenu. Mwulizeni atasomea nini, na chuo kinadai nini. Kisha, kwa sauti ileile ya upole, mwulizeni: "Na ukichoka, hucheza nini?" Nanyi vijana, mkiulizwa hivyo, jibuni kweli, na msipoulizwa, semeni wenyewe. Pengine baba atapunguza bei. Pengine atacheka, akawasimulia jinsi alivyokuwa akitoroka kazi ya shamba kwenda kucheza bao. Vyovyote iwavyo, siku atakapokuja kuwatembelea chuoni, hamtakuwa na haja ya kuifunga kompyuta kwa haraka mlango ukigongwa.