Watoto Walio Chini ya Rangi

Katika picha moja ya zamani yupo mama aliyeketi juu ya theluji, katikati ya kijiji ambacho mapaa yake yote ni meupe. Amepakata furushi, naye analilia. Nilipoiona mara ya kwanza, katika kitabu cha maktaba ya chuo cha theolojia, nilijiuliza ni nani huyu anayelilia furushi la nguo kiasi hicho.

Mchoraji ni Pieter Bruegel wa Flanders. Aliichora kwa rangi za mafuta juu ya ubao, yapata mwaka 1566. Habari yenyewe ni ile ya Mathayo sura ya 2, Herode alipoagiza watoto wa kiume wa Bethlehemu wauawe. Bruegel aliihamishia kijijini kwao, wakati wa baridi, akawavika askari mavazi ambayo watu wake waliyafahamu. Simlaumu. Kila mhubiri hufanya hivyo kila Jumapili, au angalau anapaswa.

Baadaye picha ilifika Prague, katika mali ya Kaisari Rudolf wa Pili, na inaaminika ni huko ilikopakwa upya. Haikupakwa yote. Theluji iliachwa, askari na mikuki yao waliachwa. Waliofunikwa ni watoto. Mmoja akawa furushi, wengine wakawa mifugo na vyakula, na mauaji yakageuka kuwa uporaji. Tunajua kilichokuwapo kwa sababu nakala za kale zinawaonyesha watoto wale. Picha yenyewe sasa iko Uingereza, na watoto wangali chini ya rangi.

Je, kufunika kule kulikuwa huruma au uongo? Si swali jepesi kwetu Walutheri. Katika Katekisimo Ndogo, amri ya nane, Luther anatufundisha kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Nimewafundisha hayo watoto wa kipaimara miaka mingi, wala sijutii. Kusitiri aibu ya mwenzako ni upendo. Ila katika picha ile tazama nani amesitiriwa. Askari hakuona haya, mkuki wake uko wazi hadi leo. Aliyeondolewa ni aliyechomwa. Naye pia ni jirani, tena jirani asiyeweza kujitetea.

Mimi mwenyewe nimewahi kushika brashi ile. Nilizika mtoto wa miaka minane. Usharika mzima ulijua kwamba alipigwa na ndugu mmoja wa nyumbani, mtu anayeheshimika, na kwamba hakuamka tena. Wazee wa ukoo waliniletea historia ya marehemu imeandikwa tayari: aliugua kwa muda mfupi. Waliniambia, “Mchungaji, tusiongeze majeraha.” Niliisoma mbele ya jeneza, kwa sauti nzuri. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa mbele akinitazama. Nilijiambia kwamba naitunza amani ya familia. Hata amri ya nane niliikumbuka, Mungu anisamehe.

Rangi ya mafuta ina tabia moja. Kadiri miaka inavyopita, tabaka la juu huanza kupitisha nuru, mpaka kilichofunikwa kikaanza kuonekana. Mama yule hakungoja miaka. Wiki tatu baadaye alikuja nyumbani kwangu jioni, akakataa chai.

“Baba Mchungaji, ile karatasi bado unayo?”

Nilikuwa nayo, ndani ya kitabu cha ibada. Aliisoma yote, taratibu, kisha akanirudishia.

“Naomba uiandike tena,” akasema. “Mimi nitakuambia, wewe uandike.”

Tuliandika mpaka saa nne usiku. Asubuhi tulikwenda naye polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Karatasi aliishika yeye.