Vita Havizuki: Dhamana ya Biafra na Kesi ya Mshairi

Kiswahili kina kitenzi ambacho wanahistoria na wanariwaya hukitumia pasipo kukidadisi: vita "huzuka". Huzuka kama maradhi yazukavyo, bila mtenda. Hata methali isemayo kuwa wapiganapo tembo nyasi huumia huzihurumia nyasi bila kuwauliza tembo sababu ya kupigana. Makala haya yanakusudia kumtafuta mtenda aliyefichwa na sarufi hiyo, kwa kuviangalia vita vya Nigeria na Biafra (1967-1970) pamoja na riwaya ya Ali Mazrui, mwanazuoni mzaliwa wa Mombasa, The Trial of Christopher Okigbo (1971).

Katika riwaya hiyo mshairi Christopher Okigbo, aliyeuawa mwaka 1967 akipigana upande wa Biafra, anashtakiwa ahera kwa kuitanguliza jamii yake ya Waigbo mbele ya sanaa. Swali la Mazrui ni zito. Hata hivyo, kizimbani yumo mshairi, ilhali waliokuwa na uwezo wa kuamuru majeshi hawamo. Msomaji asipotahadhari atachanganya maswali mawili: nani alishiriki vitani, na nani alivianzisha.

Swali la pili aghalabu hujibiwa kwa mnyororo wa visababishi. Mwaka 1914 Waingereza waliziunganisha Kaskazini na Kusini chini ya Lugard. Katika mapinduzi ya Januari 1966 waliuawa Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na Ahmadu Bello, kiongozi wa Kaskazini. Mwezi Mei, Amri Na. 34 ya Jenerali Ironsi ikaufuta mfumo wa shirikisho; Julai Ironsi mwenyewe akauawa. Mwaka huohuo maelfu ya Waigbo waliuawa Kaskazini. Kila pete ya mnyororo huu ni ya kweli. Lakini tukiuvuta mno, kila mtu atamwelekezea kidole aliyemtangulia, na mwishowe atabaki Lugard peke yake, aliyefariki mwaka 1945.

Hapana budi, basi, kutenganisha kisababishi na dhamana. Kisababishi hueleza namna jambo lilivyowezekana. Dhamana humwangukia aliyekuwa na njia nyingine mbele yake akaiacha. Kwa Nigeria, njia hiyo haikuwa ndoto ya wanafalsafa. Januari 1967, huko Aburi nchini Ghana, Gowon, Ojukwu na viongozi wenzao wa kijeshi waliafikiana kwamba nguvu isitumike kuutatua mgogoro wao. Baadaye kila upande uliyafasiri makubaliano hayo kwa namna yake. Tarehe 27 Mei Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12, akilipasua eneo la Mashariki mara tatu bila ridhaa ya uongozi wake. Tarehe 30 Ojukwu akatangaza taifa la Biafra. Tarehe 6 Julai majeshi ya shirikisho yakashambulia. Haya ni matendo yenye watenda na tarehe.

Yamkini atatokea wa kupinga: je, watu waliochinjwa na dola yao isiwalinde walikuwa na njia gani? Pingamizi hili lina uzito, na Tanzania ilipoitambua Biafra Aprili 1968 ilijengea hoja juu yake. Linathibitisha kuwa hofu ya Waigbo ilikuwa ya haki, na linaizidishia dhamana serikali iliyoshindwa kuwalinda. Lakini halimfuti Ojukwu katika orodha ya walioamua, kama ambavyo hoja ya umoja wa taifa haimfuti Gowon. Si lazima wawe na makosa ya kiwango kimoja. Bali dhamana ya mmoja haipunguzwi na ya mwenzake.

Tukirejea kwa Okigbo, tutaona kuwa anapaswa kujibu kwa bunduki aliyoishika, si kwa amri ambazo hakuzitoa. Mwenzake Wole Soyinka, baada ya mapigano kuanza, alikwenda kuonana na Ojukwu akitafuta namna ya kuyakomesha. Serikali ya shirikisho ikamweka kizuizini hadi 1969. Kwa hiyo, hata wakati huo walikuwapo waliotafuta njia nyingine, na walikuwapo wenye mamlaka ya kuwanyamazisha. Mhakiki akutanapo na sentensi isemayo kuwa vita vilizuka, wajibu wake wa kwanza ni kuuliza ni nani angekuwa kiima chake iwapo mwandishi angeiandika upya.