Je, Yafaa Kusoma Dini Pamoja na Elimu Nyingine?



Mtoto wa kijiji amalizapo masomo ya sekondari, na safari ya kwenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi ikiwa karibu, wazazi wake huja kumwuliza katekista: "Mwalimu, tumeuza mahindi na mbuzi ili kijana ajifunze kazi ya migodi. Sasa atuambia kwamba apenda kusoma na elimu ya dini. Je, hatapotea njiani? Mshika mawili, moja humponyoka."

Swali hili si la kudharauliwa. Fedha ya wazazi ni jasho lao, na kijana hana ruhusa ya kuichezea. Basi yatupasa kulijibu kwa makini.

Kwanza tuitazame methali yenyewe. Yasema kweli juu ya mtu ashikaye vitu viwili vinavyokimbia kila kimoja njia yake. Lakini mkulima huenda shambani na jembe na mbegu, wala hakuna amwambiaye aache kimoja. Jembe bila mbegu huacha shamba tupu. Mbegu bila jembe huliwa na ndege. Mtakatifu Paulo alijifunza sheria ya Mungu miguuni pa Gamalieli, naye alijua pia kazi ya kushona hema, akajilisha kwa mikono yake.

Sasa tuulize: elimu ya kazi yajibu nini, na elimu ya dini yajibu nini? Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Mhandisi wa migodi ajua kuchimba mawe na kuyayeyusha. Elimu yake yaweza hata kumwonyesha kwamba maji machafu yakimwagwa mtoni yatawaua samaki. Lakini hakuna hesabu imwambiayo kwamba mama achotaye maji kule chini ana thamani sawa na mwenye mgodi. Hilo ni swali la namna nyingine: mtu ni nani, naye anadaiwa nini na jirani yake? Na kinyume chake ni kweli vilevile. Mtu wa dini asiye na elimu ya kazi aweza kumhurumia mama yule, lakini hajui kuyapima maji. Ndiyo maana elimu hizi mbili zahitajiana.

Wengine huogopa jambo jingine. Husema: "Katika Chuo Kikuu dini huulizwa maswali mengi, na maswali huua imani." La hasha! Chuo Kikuu cha Lovanium, katika mji uitwao leo Kinshasa, kilianzishwa mwaka 1954. Mwaka 1957 kilipata kitivo cha teolojia, yaani sehemu ya Chuo ifundishayo mambo ya Mungu. Huko alisoma Tharcisse Tshibangu, aliyezaliwa mwaka 1933 huko Kipushi, karibu na Lubumbashi. Mwaka 1960, akiwa bado mwanafunzi, alijadiliana na mwalimu wake, Padri Alfred Vanneste: je, teolojia yaweza kuwa na sura ya Kiafrika? Mwanafunzi alisema yaweza. Mwalimu alishikilia kwamba teolojia yapasa kuwa moja kwa watu wote. Hawakupatana, wala hakuna aliyeiacha imani yake. Tshibangu alifanywa askofu mwaka 1970. Tena, tangu 1971 hadi 1981, mtu huyu wa teolojia aliongoza Chuo Kikuu cha Taifa, ambamo Chuo cha Lubumbashi kilikuwa sehemu, pamoja na wahandisi wake na madaktari wake.

Hata hivyo tusidanganyike. Kujua dini si kuwa mtu mwema. Mtu aweza kushinda mtihani wa dini asubuhi na kupokea rushwa jioni. Elimu ya dini hukamilika pale tu ambapo kazi ya mtu yamdai gharama.

Mtazameni Floribert Bwana Chui wa Goma. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu, na hakuiacha sala wala huduma ya watoto wa mitaani. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa mpakani. Walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichooza kipite, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 aliuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa Mwenyeheri. Elimu ya kazi yake ilimwonyesha kwamba chakula kile kilikuwa kibaya. Imani yake ilimwonyesha kwamba wale ambao wangekila ni ndugu zake. Kama angekosa mojawapo, chakula kile kingepita.

Basi, enyi wazazi, msiogope. Mwulizeni kijana maswali mawili tu: Je, wakati wako watosha kwa masomo yote mawili? Na masomo ya dini yatakufanya uifanye kazi yako kwa uaminifu zaidi? Akijibu ndiyo kwa moyo mweupe, mwacheni asome. Lakini kijana akiifanya dini kuwa kisingizio cha uvivu katika masomo mliyomlipia, mkemeeni, kwa maana huko ni kuwaibia wazazi.

Nanyi wakatekumeni, msidhani kwamba neno hili ni la wenye diploma peke yao. Anayejifunza katekisimu jioni na kupima mahindi sokoni asubuhi, naye ana masomo mawili. Mtihani wake umo katika mizani yake.