🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI, FUNGA YA 20: Nani anavujiwa mtaani kwako?



Wazee wangu, mama zangu, ndugu na vijana wa chaneli hii, alhamdulillah tumefika ishirini. Leo jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Najua wengi mnasubiri nizungumzie Laylatul Qadr. Nitaizungumzia, ila leo naanzia juu ya paa. Nivumilieni kidogo.

Abu Said al-Khudri (r.a.) anasimulia, na hadithi hii ipo kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikaa itikafu kumi la kati. Asubuhi ya mwezi ishirini, yaani asubuhi kama ya leo, akawahutubia watu. Akawaambia kuwa alionyeshwa usiku wa Qadr kisha akasahaulishwa, basi wautafute kumi la mwisho, katika witri. Akawaambia pia kuwa amejiona akisujudu kwenye maji na tope. Abu Said anasema mbinguni hapakuwa na hata kipande cha wingu. Mara wingu likaja, mvua ikanyesha, na paa la msikiti likavuja, maana lilikuwa la makuti ya mtende. Swala ikakimiwa, na Abu Said akaona kwa macho yake alama ya tope kwenye paji la uso wa Mtume (s.a.w.).

Nilipoisoma hadithi hii msikitini juzi, kijana mmoja aliniuliza, "Ustadh, si basi kuvujiwa ni jambo la kheri?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lake ni la maana, kwa sababu wapo wanaojibu hivyo hivyo bila kucheka. Ukimwambia paa lako limeoza, anakwambia tuwe na subira, hata msikiti wa Mtume ulivuja.

Ulivuja, ndio. Ulikuwa wa makuti kwa sababu hicho ndicho walichokuwa nacho. Lakini soma na hii. Siku ya Ijumaa mtu alikuja kulalamika ukame, Mtume (s.a.w.) akaomba, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaja mtu akasema nyumba zinabomoka, mali zinazama. Mtume hakumwambia mvumilie, mvua ni rehema. Alinyanyua mikono akaomba mvua iwaende pembezoni, isiwe juu yao. Na alipokuja Sayyidna Umar (r.a.) kuujenga upya msikiti ule ule, Bukhari ametaja agizo lake kwa mjenzi: awakinge watu na mvua, na ajiepushe na rangi nyekundu na njano zisije zikawashughulisha watu. Sikilizeni mpangilio wa mzee huyu. Kwanza watu wasilowe. Marembo hapana. Sisi siku hizi tunaanza na marembo, mtu anapaka rangi ya nje mpya kwa ajili ya Idi na ndani ana beseni chini ya dari.

Hilo beseni ndilo limenifanya niandike leo.

Mwaka jana mwezi wa Shaabani tulichangishana mtaani kubadilisha paa la msikiti. Mimi ndiye niliyeshika kitabu cha risiti. Akaja bi mkubwa mmoja, mjane, ambaye wengi wenu mmekula vitumbua vyake. Akafungua pindo la kanga, akanipa elfu tano. "Mwalimu, niandikie na mimi, nisikose fungu langu katika nyumba ya Mungu." Nikamwandikia. Nikamwombea dua pale pale, nikafurahi.

Ramadhani ikaingia. Tukagawa futari kama kawaida, na kwake nilikwenda mwenyewe na unga, sukari na tende. Nikakuta kitanda chake kipo sebuleni, karibu na mlango. Nikajisemea moyoni, joto hili la Ramadhani, bibi amefuata upepo. Nikaweka mzigo, nikaaga. Wiki iliyofuata nikaenda tena, kitanda kipo pale pale. Sikuuliza.

Baada ya Idi masika yakakolea. Mtoto mmoja wa madrasa akaja na msahafu umevimba kurasa. Nikamkemea, nikamwambia kitabu cha Mungu hakiwekwi ovyo. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Sikuweka ovyo, ustadh. Nililala kwa bibi, na kwa bibi kunavuja." Nikaondoka nae saa ile ile. Chumba cha bi mkubwa hakikaliki. Beseni mbili na sufuria moja sakafuni, siling bodi imeshuka tumbo kama mkeka uliolowa, ukutani michirizi ya rangi ya chai. Msahafu wake mwenyewe ameufunga kwenye mfuko wa nailoni, akautundika msumarini. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Huu mwaka wa tatu, mwanangu. Mimi ni mtu mmoja tu, pembe moja ya nyumba inanitosha."

Miaka mitatu. Na mimi katika miaka mitatu hiyo nimeingia mlango ule kila Ramadhani. Na elfu tano yake nimeipokea kwa mkono huu, ikanunua bati la msikiti.

Katika Suratul Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anawataja mafakiri ambao asiyejua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Aya hiyo nimeifasiri mara ngapi, wallahi sikumbuki. Lakini yule asiyejua anayetajwa mle, sikuwahi kufikiri kuwa anaweza kuwa imamu wa mtaa.

Tulipompandisha fundi, alikuta nini? Misumari mitatu imeinuka kwenye kofia ya paa, pale juu kabisa mabati yanapokutana. Na bati moja limeliwa na kutu, kwa sababu majani ya mwembe wa jirani yalirundikana hapo mwaka baada ya mwaka, yakakaa na unyevu. Mwanzoni kazi ilikuwa misumari mitatu tu. Baada ya miaka mitatu ikawa bati, papi mbili zilizooza na siling bodi ya chumba kizima. Hata hivyo gharama yote, na fundi ndani yake, ilikuwa ndogo kuliko futari ya pamoja tuliyoandaa msikitini usiku mmoja.

Hapo pana jambo la fikihi, na wengi mmeniuliza. Kamati ilikuwa na salio la mchango wa paa la msikiti, na mmoja wetu akasema tulitumie kwa bi mkubwa. Nikakataa. Watu walitoa kwa ajili ya msikiti, na sharti la mtoaji linaheshimiwa, hatuna ruhusa ya kulihamisha kwa huruma zetu. Tukachanga upya, sadaka. Zaka ya mali nayo ina mlango hapa, kwa sababu fakiri na maskini ni katika wanaostahiki, na makazi ni katika haja za mtu kama chakula na nguo. Ila zaka ni haki yake, apewe yeye mwenyewe, kisha akitaka akupe idhini umtafutie fundi. Usimpangie. Na zakatul fitri iacheni ilivyo, hiyo ni chakula.

Sasa, masika yako mlangoni tena. Kuanzia mwezi huu wa tatu mpaka wa tano hatuna pa kukimbilia. Mimi si fundi, lakini yule fundi alinifundisha mambo, na mwalimu haachi kufundisha alichofundishwa.

Anza ndani. Mchana jua likiwa kali, ingia juu ya dari kama pana nafasi ya kuingia, zima taa, utulie mpaka macho yazoee giza. Tundu lolote litakuonyesha nuru kama nyota. Weka alama hapo kwa chaki kwenye mbao ya karibu. Angalia kenchi na papi. Doa jeusi ni maji ya zamani, lakini ukibonyeza kwa bisibisi na mbao ikaingia laini, hiyo imeoza. Ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani kuelekea mbao, hao ni mchwa, usingoje Idi.

Na jambo hili lilinishangaza: pale dari inapodondosha sipo penye tundu. Maji huingia juu, yakafuata mbao, yakatembea hata hatua kadhaa, ndipo yakadondoka. Sisi tunaziba hapa, tundu liko kule. Fundi alikuwa anaongelea bati, lakini mimi nilimkumbuka yule mtoto niliyemkemea kwa sababu ya kurasa zilizovimba.

Toka nje. Simama mbali, tazama mstari wa mgongo wa paa. Ukiwa umenyooka, alhamdulillah. Ukiwa umebonyea katikati, mbao za chini zimechoka. Tazama misumari: ile inayofaa ina kimpira chini ya kichwa, na hupigwa juu ya mgongo wa wimbi la bati, sio bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Kimpira kikikauka na kupasuka, msumari umekuwa mfereji. Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari inayokula bati kuliko wenzetu wa bara, kwa hiyo ukinunua bati usidanganywe na bei. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba zaidi, 32 ni jembamba kuliko 28. Kata matawi yanayolalia paa. Fagia majani kwenye gata.

Kama paa lako ni la makuti, tazama pale yanapokuwa meusi na kushikana, hayo hayakauki tena. Yabadilishwe kipande kwa kipande kabla mvua haijatia nanga.

Na tahadhari, jamani. Usipande juu ya paa saa saba mchana umefunga, kizunguzungu hakina ustadh. Nenda asubuhi mapema au baada ya Alasiri, bati likiwa kavu, mtu akushikie ngazi, mbali na nyaya za umeme. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, hapo ndipo penye mbao. Nyumba kuukuu zenye asbesto msizikate wala kuzipiga msumari wenyewe, vumbi lake ni sumu ya mapafu, hiyo ni kazi ya wenye ujuzi nayo. Mama zangu mnaokinga maji ya paa, mvua ya kwanza iacheni imwagike, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Maji yakishatoka kwenye paa lako yanakwenda wapi, hilo nalo litazame. Imepokewa kuwa bomba la paa la nyumba ya Abbas (r.a.), ami yake Mtume, lilimmwagikia Sayyidna Umar akiwa amevaa nguo za Ijumaa, akaamuru ling'olewe. Abbas akamwambia kuwa lile bomba liliwekwa hapo na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Umar, khalifa, akamuapia apande juu ya mgongo wake alirudishe mahali pake. Wengi huisimulia kwa unyenyekevu wa Umar. Mimi naisimulia pia kwa wale ambao gata lao linatema maji kwenye ukuta wa jirani mwaka wa nne sasa, na jirani akisema, ugomvi.

Na wewe mwenye nyumba za kupangisha, uliyempokea mpangaji kodi ya miezi sita kwa mkupuo kisha simu zake za mvua hupokei. Umefunga siku ishirini, Mungu akutakabalie. Mpigie leo kabla ya futari. Usimngoje akupigie.

Jioni ukipeleka futari kwa jirani, hasa mzee au mjane, usiishie mlangoni kama nilivyoishia mimi. Muombe ruhusa, kaa kidogo, inua macho uangalie dari. Ukiona kitanda kimehama mahali pake, uliza kwa adabu. Wanaume msiingie peke yenu kwa mama wa watu, nendeni na wake zenu au dada zenu, wao wataonyeshwa chumba ambacho sisi hatuonyeshwi. Ukikuta kuvuja, usimpige picha ukaituma kwenye chaneli. Niandikie mimi faragha, nyumba ipi na chumba kipi, inatosha.

Kesho in sha Allah, funga ya 21, baada ya swala ya Alasiri tunakutana uani kwa msikiti. Fundi wetu amejitolea siku tatu bila ujira, Mungu amlipe. Tunazo ngazi mbili, tunahitaji ya tatu ndefu. Mwenye mabati yaliyobaki kwenye ujenzi, papi, misumari ya bati, hata vipande, alete. Vijana sita wanatosha kwa siku, wengine wajiandikishe kwa siku zinazofuata. Tuna nyumba nne tayari, na ya kwanza ni ile iliyo nyuma ya kisima, kwa sababu kuna mtoto mchanga.

Usiku wa leo kisimamo ni saa nane kamili. Bi mkubwa wa vitumbua amesema ataleta chai ya daku, msinywe mkaondoka na vikombe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.