Jagi Zuri la Rafuni

Mwaka 1970, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa ya madaktari wa Montreal, Kanada, kuhusu watoto wawili wa tumbo moja waliopata sumu ya madini ya risasi. Mmoja alifariki. Sumu ilipofuatiliwa, ilikutwa kwenye jagi la udongo lililong'arishwa kwa risasi, ambamo nyumbani kwao walikuwa wakihifadhi juisi ya tufaha.

Naileta habari hii ya zamani kwa sababu jikoni siku hizi kumekuwa sebule ya pili. Wengi tumeachana na milango ya kabati, tumepigilia rafu wazi ukutani, na mgeni akiingia anaona kila tulichopanga. Tunatafuta vyombo vya kupendeza ambavyo pia vitafanya kazi: jagi, bakuli la matunda, mtungi wa achari, sahani za nakshi. Nia ni njema kabisa. Hata mimi nikiona jagi la rangi ya chungwa lililoiva, lenye maua ya mkono, natamani kulibeba. Kwa hiyo tusiwatazame wale wa Montreal kama wazembe. Walifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: chombo kilikuwa na umbo la jagi, wakaamini kinafaa kuwekewa kinywaji.

Udongo uliochomwa peke yake hunyonya maji. Ili usivuje na ung'ae, mfinyanzi huupaka uji wa madini ambao tanurini huyeyuka na kuwa kioo chembamba. Kwa karne nyingi risasi ilipendwa katika uji huo kwa kuwa huyeyuka kwa moto mdogo, hulainisha uso wa chombo na kukoleza rangi. Mchanganyiko ukiwa sahihi na moto ukitosha, risasi hufungika ndani ya kioo. Moto usipotosha, hubaki imejishikiza tu. Ukitia humo kitu kichachu, iwe juisi ya tufaha, ndimu, ukwaju, siki au rojo la nyanya, ule uchachu huichomoa kidogo kidogo, na kinywaji kikilala humo usiku kucha hutoka nyingi zaidi. Ulimi hautakuonya. Risasi haina harufu, na baadhi ya chumvi zake ni tamu.

Kinachoniuma ni kwamba onyo lilikuwepo zamani. Huko Staffordshire, Uingereza, katika karne ya 19, wafanyakazi waliokuwa wakichovya vyombo kwenye uji wa risasi walishikwa na maumivu makali ya tumbo, wengine viganja vikalegea na kuning'inia wasiweze kuviinua. Yalijulikana, yakaandikwa, hata masharti ya kuwalinda wafanyakazi yakawekwa. Vyombo vya aina hiyo vikaendelea kutengenezwa na kuingia majumbani. Baada ya kifo cha yule mtoto, madaktari wa Montreal walipima nyuso 264 za vyombo na vipande vya udongo vilivyong'arishwa. Nusu yake zilitoa risasi kiasi cha kutofaa kwa chakula.

Onyo la pili liko mwilini mwa mtoto, nalo ni rahisi kulipuuza. Mtoto hukataa chakula, hulalamika tumbo, hukosa choo, hupauka, hukasirika ovyo. Ni mzazi gani hajawahi kuyaona hayo? Tunasema ni minyoo, ni meno, ni jicho la mtu. Tunampa dawa ya minyoo kisha tunammiminia tena juisi kutoka jagi lilelile. Shirika la Afya Duniani linasema mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kuwa tumeshajifunza: Owino Uhuru, kule Mombasa, wakazi walihangaika miaka mingi kwa sababu ya risasi ya kiwanda cha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Onyo la tatu liko kwenye chombo chenyewe, na hapa ndipo naomba tuwe na macho. Kipindue kabla hujalipa. Vyombo vingine vya pambo vimeandikwa chini kwamba si vya chakula, au vimetobolewa tundu kusudi visitiwe kitu; muuzaji akikwambia uzibe tu, mrudishie. Ogopa chombo cha zamani kisichojulikana kilikotoka, na chenye rangi kali nyekundu, njano au chungwa upande wa ndani. Pitisha kidole kwenye mdomo wake: kama kioo kimepasuka nyufa nyembamba au kimebanduka, kisiguse chakula. Na kama umekiosha, kikakauka, ukakuta vumbi la kijivu kama chaki ambalo hurudi kila ukikiosha, usijidanganye kwamba ni sabuni.

Kupamba hakukatazwi. Mtungi wa Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, uliosuguliwa kwa jiwe na kuchorwa kwa udongo mweupe, hauna kioo hicho kabisa, na rafuni unapendeza kuliko vingi vya dukani. Achari na siki ziweke kwenye chupa za kioo cha kawaida; rangi ya embe na pilipili ikionekana kwa nje ni pambo tosha. Jagi lenye shaka, kama roho yako imelipenda, litie maua makavu na uliweke juu, mkono wa mtoto usikofika, na kila anayepika nyumbani humo ajue kwamba halitiwi kitu cha kunywa.

Na kama watoto wamekwisha kulinywea, usingoje waugue. Wapeleke hospitali, umweleze daktari habari ya jagi bila kuona haya, na uombe wapimwe risasi kwenye damu. Daktari hawezi kulihisi jagi ambalo halijatajwa.