Fundi Akinyamaza

Wako watu wanaodhani kwamba maswali ya haki na dhamiri ni ya mahakama na ya shule kubwa tu. Sisi twaona kwamba hata chini ya lori, mahali ambapo fundi amelala chali juu ya gunia na mafuta yanamdondokea usoni, swali la haki lipo, tena ni gumu.

Reli yatoka Kabalo, yapita Kongolo na Samba mpaka Kindu, Kabambare haifiki. Basi mtu wa Kabambare aendaye Kasongo, asipokwenda kwa miguu, kwa baisikeli au kwa pikipiki, hutegemea lori la mazutu. Lori hilo hubeba mpunga na mawese, na juu ya magunia hukaa akina mama na watoto. Sasa ile pampu ndogo ivutayo mafuta kutoka tangi imechoka, na mwenye gari amepata nyingine yenye nguvu zaidi. Kuifunga mpya si kazi ndefu. Kazi ni kuifungua ya zamani.

Viungo vya mipira ya mafuta hukaa miaka mingi bila kuguswa. Kutu hushika nati, vumbi na mafuta huganda pamoja kama saruji, na mpira hugandamana na mdomo wa chuma. Fundi mwenye adabu ya kazi huosha kwanza. Kisha hutia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, akangoja, pengine mpaka kesho. Hushika kwa spana mbili, moja ikizuia na moja ikizungusha, ili bomba lisipindike. Viungo vya siku hizi vyenye vibanio vya plastiki vina ajabu yake: ukikivuta chakataa, lakini ukikisukuma ndani kidogo kwanza, ukabonyeza vibanio, hutoka bila ugomvi. Moto hausogezi hapo kamwe.

Lakini mwenye gari amesimama akitazama saa, na abiria wamekwisha lipa. Fundi ashika koleo, avuta kwa nguvu. Kiungo chatoka, nacho kina ufa mwembamba kama unywele. Kingine hakipo, huenda chapatikana Kalemie au Bukavu. Akikifunga na kunyamaza, injini itawaka, naye atapata ujira wake.

Yafaa tujue jinsi ufa huo ufanyavyo. Mbele ya pampu mafuta husukumwa, basi ufa huvuja na kila mtu huona. Kati ya tangi na pampu mafuta huvutwa. Huko, injini ikizunguka, ufa waweza usidondoshe hata tone moja, bali wanyonya hewa. Chini pakavu, injini yanguruma vizuri pale sokoni. Ni mlimani, gari likiwa limejaa, ndipo nguvu hupotea na injini huzima, na lori zito laanza kurudi nyuma.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuona lori, lakini katika kitabu chake Summa Theologiae aliuliza kama muuzaji amefungwa kueleza kasoro ya kitu auzacho. Jibu lake ni la mtu aliyejua soko. Farasi akiwa na jicho moja, mnunuzi naye ana macho yake. Muuzaji hana lazima ya kusema, mradi asidai bei ya farasi mzima. Kasoro ikiwa imefichika, tena yaweza kuleta hasara au hatari, kunyamaza ni kuvunja haki. Fundi hauzi farasi, auza kazi yake. Lakini ni kasoro gani iliyofichika kuliko ufa usiovuja?

Pengine mtu atasema: “Hakusema uongo, kwa kuwa hakuulizwa.” Twajibu kwamba mwenye gari hakuuliza kwa sababu hakujua la kuuliza. Mwingine atasema kwamba fundi ni maskini, naye akisema atalipishwa. Neno hili lina uzito. Wengi hunyamaza si kwa ubaya wa moyo, ila kwa hofu ya kulala njaa na watoto wao. Basi lawama isibaki chini ya lori peke yake. Tajiri amlipishaye fundi kila kivunjikacho, hata kilicholiwa na kutu ya miaka kumi, ameununua ukimya huo kwa fedha yake mwenyewe. Sisi twaona hivi: kilichovunjwa na koleo la haraka ni deni la fundi, kilichovunjwa na kutu mikononi mwa fundi mwangalifu ni deni la mwenye gari, na kama mwenye gari ndiye aliyekataza kungoja, alipe yeye, hata koleo likiwa la fundi.

Na wale walio juu ya magunia? Wao hawakupatana lolote na fundi, wala hawamjui jina. Tajiri akisema, “Funga hivyo hivyo, twende,” ana ruhusa juu ya gari lake. Juu ya shingo za watu hana. Hapo fundi aweza kukataa kukifunga. Na ikiwa amekwisha kifunga, haitoshi kwamba tajiri anajua. Dereva naye aambiwe kabla ya kuwasha injini, tena aonyeshwe kiungo chenyewe kwa kidole, ili akisikia gari lapoteza nguvu asimame mahali tambarare na kuwashusha abiria kabla ya kilima.